UZI: Gemu la Game of Thrones la Telltale: mle ndani hakuna steringi

#1 Pedi Moja (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimemaliza kwa mara ya tatu gemu la Game of Thrones la studio ya Telltale, lile la epsodi sita lililoanza kutoka Desemba 2014 na kufungwa Novemba 2015. Mara ya kwanza nililicheza kwa hasira, mara ya pili kwa ubishi, safari hii nilikuwa na daftari pembeni. Kama hujalicheza na una mpango huo, ishia hapa, kacheze kwanza. Huko mbele namaliza uhondo bila huruma.

Magemu yanayotokana na tamthilia yana sifa mbaya, na sifa hiyo yameitafuta yenyewe. Jina linanunuliwa, kazi inakimbizwa ili gemu litoke tamthilia ikiwa bado ya moto, na mara nyingi kinachotoka ni ganda. Sura unazijua, muziki unaujua, ukigonga ndani kunalia debe tupu. Watu hulaumu grafiki na bajeti. Mimi nalaumu kitu kingine kabisa: mtengenezaji hakujiuliza mchezaji atakuwa NANI mle ndani.

Tamthilia ikishapendwa, hadithi ina wenyewe. Steringi anajulikana, adui anajulikana, na mwisho unaandikwa na watu walioko chumba kingine. Ukipewa umcheze steringi, huwezi kufa wala kukosea, kwa sababu sizoni ijayo inamsubiri. Ukipewa umcheze mtu mwingine, unageuka mpambe: unafungua mlango, steringi anapita, unaufunga. Kote kuwili pedi iko mkononi mwako lakini hadithi haiko.

Telltale walipita katikati. Walichukua ukoo wa Forrester, ukoo wa Kaskazini ambao kwenye vitabu vya George R. R. Martin umetajwa kwa kupita tu, wakaujengea nyumba, maadui na deni. Ngome yao inaitwa Ironrath, utajiri wao ni miti ya ironwood, na jirani yao ni ukoo wa Whitehill unaoimezea mate miti hiyo. Ty Corey Franck, aliyekuwa msaidizi wa Martin, alikuwa mshauri wa hadithi, na inaonekana: watu wanaongea kama watu wa dunia ile, na wanakufa kama watu wa dunia ile.

Gemu linaanzia nje ya ngome ya The Twins usiku wa ile harusi ya damu ya sizoni ya tatu, wenyeji walipowachinja wageni wao wa Kaskazini. Kwenye tamthilia sisi tulikuwa ukumbini. Hapa uko nje kwenye mahema, unaitwa Gared Tuttle, kijana wa kumhudumia bwana wako, na wewe mtazamaji unajua kinachoendelea ndani wakati Gared hajui. Hakuna aliyehitaji kunieleza lolote, tumbo lilishaanza kuniuma kabla sijabonyeza kitufe. Ndiyo faida ya kutumia tamthilia: mtazamaji anakuja na hofu yake mwenyewe. Wengi wanaitupa faida hiyo.

Bwana anakufa usiku ule, mrithi wake Rodrik anahesabiwa kafa, na ukoo unaangukia mikononi mwa Ethan, mtoto ambaye hata ndevu hajaota. Ethan ni wewe. Unakaa kwenye kiti cha baba, unahukumu mwizi, unachagua nani awe mkono wako wa kuume, Duncan au Royland. Unapima maneno kama mtu mzima. Halafu anakuja Ramsay Snow, mtoto wa nje wa ukoo wa Bolton ulioshika Kaskazini, kwa sauti ya Iwan Rheon mwenyewe. Unajiandaa kujibu kwa akili, unajibu vizuri, unadhani umepita. Ramsay anamchoma Ethan shingoni. Epsodi ya kwanza imekwisha.

Nilikaa nikiangalia majina ya watengenezaji yakipanda. Maisha yetu yote tumeambiwa steringi hafi, na hapa steringi nilikuwa mimi.

Baada ya hapo unagawanywa. Rodrik anarudi akiwa juu ya mkokoteni wa maiti, hai kwa kupenya, na analazimika kuwa bwana akiwa na mwili uliovunjika. Asher, ndugu aliyefukuzwa kwa kumpenda binti wa Whitehill, yuko Essos, bara la ng'ambo, anapigana kwa malipo. Gared anatupwa kwenye Ukuta, ule wa barafu kule Kaskazini ambako walinzi hula kiapo cha maisha. Na Mira, dada yao, yuko King's Landing, mji wa mfalme, akimtumikia Margaery Tyrell.

Mira ndiye anayenifanya nilisifie gemu hili mpaka leo. Hana upanga. Kuna tukio la epsodi ya kwanza anahojiwa na malkia Cersei mbele ya kiti cha enzi, Tyrion mdogo wake yupo, sauti ni za Lena Headey na Peter Dinklage, na chini ya skrini mstari wa muda unapungua. Una majibu manne na yote yana harufu ya kaburi. Nimecheza magemu ya kupambana na majitu yenye vichwa vitatu sijawahi kutokwa jasho la vidole namna ile. Na hapo nilichokuwa nafanya ni kujibu salamu tu, wakuu.

Nishushe hapa kwanza, nasubiri mawe.

#2 Nimepita Tu

Nimekaa paleee kwenye kona. Shusheni nondo.

#3 Bwana Mashaka

Mleta uzi unaandika vizuri, ila unapamba. Hebu tuwe wakweli. Nimelicheza. Ethan anakufa ukijibu kwa ukali, anakufa ukijibu kwa upole, anakufa ukinyamaza. Skrini inakuandikia "fulani atakumbuka hilo", halafu fulani hakumbuki chochote. Hii ni sinema iliyowekewa vitufe ili usilale. Tena huyo Ramsay unayemsifia, mara ngapi una nafasi ya kumgusa na gemu linakunyima? Kwa nini? Kwa sababu HBO, wenye tamthilia yao, bado walikuwa wanamtaka. Huo uhuru unaouzungumzia uko wapi?

#4 Pedi Moja

Mkuu Mashaka, nusu nakupa na nusu nakunyima.

La Ramsay umenipiga penyewe. Wageni maarufu wote mle ndani wana bima ya HBO. Jon Snow ukimkuta kwenye Ukuta, Daenerys ukimkuta Meereen, unajua hakuna atakayepata hata mkwaruzo. Kila wakiingia, mvutano unashuka kidogo, maana unajua risasi zote zitakwenda kwako. Lakini angalia upande wa pili: ndiyo hali halisi ya ukoo mdogo kwenye dunia ile. Wakubwa hawaguswi, wadogo ndio wanaosagwa. Kama walipanga au ilitokea tu sijui, ila kizuizi cha mkataba kiligeuka kuwa maana ya hadithi.

Kuhusu chaguo kuwa la uongo: Ethan, kweli, haponi. Ila nikuulize, ulimchagua nani kuwa mkono wa kuume? Maana baadaye inajulikana kuna msaliti ndani ya baraza, na msaliti ni yule ULIYEMNYIMA cheo. Ukimpa Duncan, anasaliti Royland. Ukimpa Royland, anasaliti Duncan. Uamuzi wa dakika moja wa mtoto aliyekwishazikwa unarudi epsodi kadhaa baadaye na uso wa mtu uliyemwamini. Mara ya kwanza nilidhani ni hadithi tu ilivyoandikwa. Nilipolirudia na kubadilisha ndipo nikaona kwamba kinyongo kile nilikipanda mwenyewe.

Na mwishoni mwa epsodi ya tano unapochagua ndugu gani abaki nyuma, epsodi ya sita inageuka kufuatana na aliyepona. Kwa hiyo matawi yapo. Ni machache na mengine ya karatasi, sikatai.

Ila kuna kitu kingine. Wewe unataka chaguo libadilishe MWISHO. Mimi linanitosha likibadilisha nilivyofika pale. Ethan aliyekufa akimtazama Ramsay machoni na Ethan aliyekufa akiomba si mtoto mmoja kwangu, hata kama kaburi ni lile lile.

#5 Bwana Mashaka

Hilo la msaliti nilikuwa silijui. Nililicheza mara moja tu. Narudi.

#6 Binti Rimoti

Kaka Pedi, mimi si mtu wa magemu, ni mtu wa sizoni. Niliwahi kucheza gemu moja tu hadi mwisho, na sababu ilikuwa mapenzi: Prison Break: The Conspiracy, la 2010. Sasa nimesoma hoja yako ya "mimi ni nani" nikajikuta nacheka peke yangu, maana umenieleza kilichoniudhi na sikuwahi kukipatia jina.

Mle ndani mnadhani unamcheza Michael Scofield, steringi wa sizoni, yule aliyejipeleka jela ya Fox River kumtorosha kaka yake Lincoln aliyehukumiwa kifo? Thubutu. Unamcheza Tom Paxton, wakala wa ile Kampuni, ametumwa Fox River kama mfungwa ili achunguze Michael anapanga nini na kuhakikisha Lincoln anauawa. Nilipoanza nilifurahi. Nikasema hii akili, nitaiona sizoni ya kwanza kutoka upande wa adui. Kumbe kazi yangu ni kuchungulia. Michael anafanya jambo, mimi najificha nyuma ya kabati naangalia. Sucre, mfungwa mwenzake, anafanya jambo, mimi napanda bomba naangalia. Mlinzi akiniona, narudishwa nyuma nianze tena. Kati ya hapo napigana ngumi uwanjani na watu nisiowajua.

Na siri ninayoichunguza mimi NAIJUA. Kila aliyenunua gemu lile alishaangalia sizoni ya kwanza. Tunajua ramani iko kwenye tatuu, tunajua wanachimba wapi, tunajua usiku gani wanatoka. Ni sawa na kupewa kazi ya upelelezi kwenye kesi ambayo hukumu umeshaisoma. Waigizaji wenyewe wametia sauti, Wentworth Miller yumo, Fox River inafanana kweli na Fox River. Sikuona kosa kwenye macho wala masikio. Kosa lilikuwa kwangu mimi niliyekuwa mle: sikuwa na kaka wa kuokoa.

Hapo ndipo naona tofauti na Forrester wako. Wale wana jambo LAO. Paxton alikuwa na jambo la wengine.

#7 Pedi Moja

Dada Rimoti, "sikuwa na kaka wa kuokoa". Natamani ningeiandika mimi. Wale walitengeneza gemu katika wakati mgumu, kampuni ya kwanza iliyolisimamia ilikufa 2008 wakiwa kazini, ZootFly wa Slovenia wakalimalizia chini ya mchapishaji mwingine, kwa hiyo ufundi wake wenye viraka nausamehe. Ila uamuzi wa Paxton ni wa kwenye karatasi, huo siusamehe.

#8 Mlinzi wa Zamu

Wakuu, mbona mnapita mbali na ushahidi mkubwa zaidi? The Walking Dead. Dunia moja, maiti wale wale wanaotembea, magemu mawili ndani ya mwaka mmoja.

La kwanza ni la Telltale hao hao, 2012. La pili ni Survival Instinct, lilitoka Machi 2013 chini ya Activision. Hilo la pili ndilo lilikuwa na baraka ya tamthilia ya AMC: Norman Reedus na Michael Rooker wenyewe, Daryl na kaka yake Merle, kabla sizoni ya kwanza haijaanza. Karata zote mkononi. Na lilichambuliwa vibaya kuliko karibu gemu lolote la mwaka ule. Lina wazo zuri la safari: uchague barabara kuu au vichochoro, uhesabu mafuta, uamue nani apande gari na nani aachwe. Lakini wale unaowaacha hawana chochote cha kukufanya uumie, ni majina na bunduki. Na Daryl hafi, mnajua wenyewe kwa nini.

Lile la Telltale linakupa Lee Everett, mwalimu wa chuo kikuu aliyeua mtu, yuko nyuma ya gari la polisi anapelekwa jela. Hakuna anayemjua. Dakika chache baadaye ana mtoto wa kulea, Clementine, ambaye naye hakuna anayemjua. Glenn anapita, Hershel anapita, watu maarufu wa hadithi ile, wanakusalimu, wanaondoka na hadithi yao. Gemu linabaki kuwa la Lee na mtoto. Lilizoa tuzo ya gemu bora la mwaka kwenye VGA, tuzo za magemu, za 2012.

Nirekebishe kitu kabla hamjanirukia: lile la Telltale limetokana na vitabu vya katuni vya Robert Kirkman, halikutokana na tamthilia. Ila nadhani hilo linaongeza uzito. Aliyepewa waigizaji alifeli, aliyepewa dunia tupu akafaulu.

#9 Nimepita Tu

Mlinzi, unanikumbusha mambo ya kulia usiku. Mwisho wa Lee sitaki hata kuuongelea.

#10 Pedi Moja

Usiuongelee, kuna watu hawajafika.

Mlinzi, nakazia. Ila nisije nikaonekana nasema steringi asichezwe kabisa. 24: The Game la 2006, la tamthilia ya 24, linakuweka ndani ya steringi Jack Bauer mwenyewe, sauti ya Kiefer Sutherland, na lina uhai. Waliliweka kati ya sizoni ya pili na ya tatu. Pale kulikuwa na pengo: sizoni ya tatu inaanza, Chase ni mwenza wa Jack kazini, Kim binti yake anafanya kazi CTU, kitengo chao cha kupambana na ugaidi, na hakuna aliyetuonyesha ilikuwaje. Gemu likaingia kwenye tundu hilo. Jack hafi, tunajua, lakini kulikuwa na kitu cha kujua ambacho tamthilia haikusema. Kwa upigaji risasi lilikuwa la kawaida sana, hilo nikiri.

Na The Stick of Truth la South Park, 2014, sijui hata niliweke wapi. Trey Parker na Matt Stone waliliandika wenyewe, linaonekana kama epsodi kabisa, na wewe ni mtoto mgeni mtaani usiyesema neno. Mtoto mgeni. Tena hapo hapo.

#11 Bwana Mashaka

Nimerudi. Nimempa cheo Royland safari hii. Msaliti amekuwa Duncan. Duncan, wakuu, yule mjomba wa watu. Nimeumia, nakiri, mleta uzi una pointi.

Sasa lakini usikwepe mawili. Moja, grafiki. Sura zimepakwa kama mtu amepitisha brashi yenye maji, miti ya nyuma inaonekana imeyeyuka. Mbili, mwisho. Ule ni mwisho au walikatiwa umeme?

#12 Pedi Moja

Grafiki: walitaka ionekane kama mchoro wa rangi za mafuta. Kwenye picha iliyotulia, Ironrath kwenye ukungu, inapendeza. Kikianza kitu kusonga, kingo za watu zinatetemeka kama ziko chini ya maji. Na injini yao ilishazeeka. Midomo na miguu ya wale watu inatembea kama vikaragosi, mapigano ya Asher ndiyo yanaonyesha zaidi. Sitetei.

Mwisho. Hapa ndipo nilipocheza kwa hasira.

Tangu dakika za kwanza bwana anayekufa anamwambia Gared kuhusu North Grove, na kwamba isipotee kamwe. Epsodi tano unabeba siri hiyo. Unavunja kiapo cha Ukuta, unavuka kwenda kwenye barafu, watu wanakufa njiani. Unafika, unakuta jambo ambalo lingeweza kuwa mwanzo wa hadithi nyingine: watoto wa nje wa bwana yule, na uchawi wa damu. Hadithi imebakiza nusu saa. Kitendawili kimeteguliwa wakati wageni wameshavaa viatu.

Kule nyumbani Ironrath inaanguka hata ufanye nini, aliyepona anatoka akivuja damu, familia imetawanyika. Wengi walichukia, eti tumepigana epsodi sita ili tushindwe. Mimi kushindwa sina neno nako. Ukoo mdogo dhidi ya Bolton, ulitegemea nini? Ninalochukia ni kuachwa mlango wazi kwa ajili ya sizoni ya pili iliyotangazwa na haikuja. Septemba 2018 Telltale walipunguza karibu wafanyakazi wote, na Forrester wakabaki msituni mpaka leo. Ungekuwa mwisho wa kushindwa ulioandikwa kama mwisho, ningeusifia. Ule uliandikwa kama mapumziko.

Isipokuwa Mira. Mira alipewa mwisho. Njia mbili: aolewe na mtu aliyemuuza, au apande jukwaa la mnyongaji kichwa juu. Hakuna mjomba anayekuja mbio, hakuna barua ya dakika ya mwisho. Anatembea, watu wanamtazama, na wewe unabonyeza kitufe cha kuinua macho tu. Kama gemu zima lingefungwa kwa mkono ulioandika dakika zile, leo tusingekuwa tunabishana.

#13 Binti Rimoti

Ulichagua ipi?

#14 Pedi Moja

Jukwaa. Mara zote tatu. Nilisema safari hii nitajaribu ile nyingine, kidole kikakataa.

#15 Mlinzi wa Zamu

Mimi nilimwozesha. Akiwa hai kuna kesho. Mtanitukana.

#16 Binti Rimoti

Hatukutukani, ila nitalifikiria hilo usiku kucha. Nimeanza kulipakua.

#17 Mgeni Njoo

Wakuu shikamooni, mimi ni mpya hapa. Nilisoma bandiko la kwanza hadi pale mleta uzi alipoonya, nikaishia hapo hapo, nikaenda kucheza. Sijasoma cha katikati, nimeruka moja kwa moja hadi chini. Niko epsodi ya tano. Asher amerudi na wapiganaji wake kutoka Meereen, Rodrik amekwenda kumpokea, tumevamiwa, na sasa gemu linaniuliza yupi abaki nyuma. Nimelisimamisha. Ni kama robo saa sasa. Naomba msaada.

#18 Pedi Moja

Karibu jamvini, na marahaba. Usipande juu kusoma, tafadhali.

Siwezi kukuchagulia. Naweza kukuuliza tu: huyo Rodrik umemlea vipi tangu alipotoka kwenye ule mkokoteni? Amekuwa wa kumeza maneno au wa kujibu? Na Asher, anajua kuongoza watu, au anajua kupigana tu? Hilo hakuna anayelijua zaidi yako, kwa sababu wa kwako siye wa kwangu.

#19 Bwana Mashaka

Mimi ningekuambia hakuna tofauti. Wiki iliyopita ningekuambia hivyo.

#20 Mgeni Njoo

Nimechagua.

Amenitazama kabla lango halijafungwa. Nitarudi kuandika kesho, leo siwezi.